Maji ya Ndizi

Kila nikichemsha ndizi mshare, harufu ya utomvu inanirudisha jikoni kwa bibi, kule mlimani, kwenye moshi wa kuni.

Baba alikuwa ametoka hospitali mjini, miguu imevimba, sweta lake la mitumba limempwaya mabegani. Mama alimweleza bibi maagizo ya daktari: figo za baba zimechoka, zinashindwa kutoa chumvi ya ndizi kwenye damu, nayo ikizidi moyo husimama. Akila, ale kidogo, na zichemshwe kwanza, maji yaliyobeba chumvi hiyo yamwagwe.

"Mchagga mgonjwa anyimwe ndizi, apone kwa kula nini?" bibi alisema.

Lakini alitii. Alizimenya, akazichemsha, akainamisha sufuria na kuchuja maji yote. Yalikuwa ya kijivu, mazito kidogo. Hakuyamwaga. Aliyatia kwenye kikombe cha bati, akayapuliza yapoe.

"Kunywa, mwanangu. Nguvu zote zimebaki humu."

"Asante, mama," baba alisema, akanywa mpaka tone la mwisho.

Juma lile aliyanywa kila siku. Jumapili, kengele ya kanisa ikilia, alishika kifua, akalala ubavu, hakuamka tena.

Bibi aliishi miaka mingi, akiwasimulia wageni kwamba mwanawe aliondoka akiwa na nguvu za ndizi tumboni. Mama alikuwa akiinamisha uso, akiendelea kumenya.

Mimi maji yangu ya ndizi huyamwaga nyuma ya nyumba, na sirudi ndani mpaka udongo uyanywe yote.