Mate Yasiyokuwamo Sufuriani

Shangazi yangu hutapika akiona unywele kwenye sabuni. Nalisema hili mapema ili mjue ni mtu wa aina gani aliyeandikwa kitabuni kwamba anawatemea watu mate chakulani.

Ni mpishi wa kantini ya kiwanda cha magodoro. Kantini yenyewe iko nyuma ya ghala la sponji, ina madirisha mawili yaliyogoma kufunguka, na harufu ya gundi huingia humo bila hodi. Wafanyakazi huja kula wakiwa na chembe za sponji nyweleni, kwenye nyusi, hata puani, utadhani kuku walionyonyolewa wakaachwa nusu. Shangazi huwasimamisha mlangoni. Asiyenawa hali. Msimamizi wa zamu mwenyewe aliwahi kurudishwa bombani kama mtoto wa chekechea, na akaenda, maana wali wa shangazi si wa kuununia. Ukoko wake ndio hugombewa zaidi, kwa hiyo kiwanda kizima kinamwita Bi Ukoko.

Ana mambo yake. Taulo la jikoni hulitupia kwenye bega la kushoto. Akimaliza kukoroga hugonga mwiko kwenye ukingo wa sufuria, ko-ko, na waliopanga foleni hujua mambo tayari. Huimba kwa pua wimbo ambao sijawahi kusikia mwisho wake. Na kila mwanamume, awe kijana wa juzi au babu wa watu, humwita "mume wangu," kisha humuuliza usiku wote alikuwa wapi.

Karani wa ghala alikuwa mmoja wa waume hao. Kijana mpole, shati limechomekwa vizuri, anakula taratibu huku akimtazama. Shangazi alidhani kijana wa watu ana njaa, akawa anamwongezea, na ukoko anamfichia. Kumbe mwenzake alikuwa anakusanya ya kuandika. Mwaka jana akatoa riwaya, jaladani kuna sufuria nyekundu, ndani kuna mpishi wa kiwandani anayejisimulia maisha yake mwanzo hadi mwisho. Meneja alifurahi kama aliyejifungua yeye. Akanunua nakala, akazigawa kila idara.

Kuna fundi cherehani anayeshona vifuniko vya magodoro, wanamwita Redio kwa sababu hata umeme ukikatika yeye hazimiki. Huyo ndiye aliyewasomea wenzake wakati wa mapumziko. Siku za mwanzo walicheka mpaka wakapaliwa. Si Bi Ukoko huyu? Taulo lipo, ko-ko ipo, kovu la mafuta kwenye kiganja lipo, "mume wangu" ipo. Kisha Redio akafika pale mpishi anapoudhiwa na msimamizi aliyesema maharage yana chumvi, na sauti yake ikaanza kushuka kama redio kweli, betri zinapoisha. Waliokuwa wanatafuna wakaacha.

Kesho yake sahani zikaanza kurudi. Wanawake wa chumba cha kushonea walisema wana kiungulia, wote, kwa pamoja. Wengine wakaja na mikate mifukoni. Shangazi, asiyejua lolote, alidhani mkono wake umeharibika. Akawa anapika huku anaonja, anaonja tena, analala anawaza chumvi. Watu aliowalisha miaka yote hawakuwa na hata mmoja wa kumwambia. Walimsalimia vizuri kabisa, "Shikamoo Bi Ukoko," halafu wakapita na mikate yao. Hao ndio watu. Ukitaka kutapika, huhitaji kitabu.

Mwishowe meneja alimwita ofisini. Akamwambia kwamba chakula kikiendelea kurudi hadi mwisho wa mwezi, kiwanda kitaanza kuletewa chakula kutoka nje, na yeye atapumzika. Neno alilotumia ni "kupumzika". Sisi nyumbani tunasema kumwaga unga. Shangazi alipouliza kosa lake ni nini, meneja aliona haya kulitamka, akamkabidhi kitabu.

Alikuja nacho nyumbani kwenye mfuko wa plastiki, amekishika kwa vidole viwili.

"Wewe Msomi Nusu," akaniambia, "si ulisomea mambo haya, hata kama hukumaliza? Nisomee."

Nikamsomea. Kurasa za mwanzo alicheka hadi akajifuta machozi kwa kanga. Kulikuwa na sehemu inayoeleza jinsi mpishi anavyoimba kwa pua na kuuacha wimbo palepale kila siku, kama mtu anayeogopa kufika nyumbani. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akatikisa kichwa polepole. "Hapo kapatia," alisema. Na kweli alikuwa amepatia, ndicho kinachoniudhi mpaka leo. Yule bwana anajua kuandika. Angekuwa hajui, yasingetokea haya.

Kisha nikafika kwenye ule ukurasa, mdomo ukanitangulia kabla sijaweza kuuzuia: "Nilivuta makohozi kutoka chini kabisa, nikayashusha kwenye bakuli lake, nikakoroga. Ko-ko. Nikamwambia, karibu, mume wangu."

Shangazi aliinuka akatoka uani. Nikamsikia anatapika.

Aliporudi alikuwa amenawa uso. Hakuuliza kwa nini karani ameandika hivyo. Aliuliza, "Mbona anasema nilivuta, nilikoroga? Nani huyo anayesema?"

Nikamweleza nilivyofundishwa: hiyo inaitwa nafsi ya kwanza, mwandishi anajivika mhusika na kusema kwa kinywa chake. Kwa hiyo anayesema ni mpishi wa kitabuni.

"Na wale wa kiwandani wanalijua hilo?"

Chuoni tulikuwa tukiisifu sana mbinu hii. Inamsogeza msomaji karibu, tulisema, inampa kuamini. Na inampa kweli. Karani angeandika kwamba yule mpishi alitema, mtu angeuliza, ulimwona wapi? Lakini ameandika nilitema, na hapo si umbea tena, ni mtu amekiri mwenyewe, taulo begani. Tena uongo wenyewe ameuzungushia kweli tupu ambazo kila mla wali wa kile kiwanda amezishuhudia kwa macho yake. Aliyeliona kovu na kuusikia wimbo atayakataaje mate? Mhusika duara, tungesema darasani, ana pande nyingi, anaishi. Anaishi, ndiyo. Anaishi kwa kunyonya mwenzake, kama kunguni.

Wiki iliyofuata meneja aliandaa hafla ya kumpongeza mwandishi, humohumo kantini, na mpishi ni nani kama si shangazi. Nilikwenda kumsaidia kubeba sahani. Karani alikuja na koti jipya, akapigiwa makofi. Shangazi alisubiri makofi yaishe, akatoka jikoni, akasimama mbele ya meza yake.

"Mwanangu," alisema, "niliwahi kukutemea mimi?"

Mwandishi alitabasamu kama mtu aliyeulizwa swali alilolikariri. Akasema mhusika si mtu. Akasema amechukua ganda tu, ndani ameweka hasira ya wanyonge wote, na kwamba sanaa ina uhuru wake. Alisema vizuri sana, ningekuwa mtahini ningempa alama zote na kuomba ndoo ya kutapikia.

Redio akauliza kutoka nyuma, "Kwa hiyo mambo ya mate umebuni?"

"Nimeyabuni mwenyewe," alijibu, na alilitamka kwa fahari.

"Basi kula," shangazi akasema.

Alimpakulia kutoka sufuria ileile ya wote: wali, maharage, na juu yake kipande cha ukoko, kile alichokuwa akimfichia zamani. Mwandishi alishika kijiko. Akakoroga kidogo. Akainama, akatazama ndani, na mimi niliyekuwa karibu niliona wazi kwamba anatafuta kitu. Akainua kijiko hadi mdomoni, mdomo ukakataa kufunguka. Akakirudisha.

"Nilipata chai nzito asubuhi," alisema.

"Kula bwana," Redio akamwambia. "Mate si yako hayo?"

Akajikaza, akajaza mdomo mara moja. Shavu likavimba, machozi yakamlengalenga, koo likapanda na kushuka bila kumeza chochote, kisha akatoa leso akautema wali wote humo. Ukimtoa shangazi, mtu pekee mle ndani aliyekuwa na uhakika kwamba sufuria haina mate, kwa kuwa aliyeyaweka kitabuni ni yeye, ndiye aliyeshindwa kumeza.

Redio alicheka hadi akashikilia meza. "Kajitisha mwenyewe!" Kantini nzima ikapasuka. Watu walikuwa na njaa ya wiki kadhaa za mikate mikavu. Mmoja akaenda kupanga foleni, wa pili akamfuata, na foleni ikarudi. Meneja alikula pia, pembezoni mwa sahani, kama anayeonja dawa.

Kwa hiyo shangazi hakumwaga unga. Lakini msifurahi haraka. Meneja aliweka kioo kirefu mbele ya jiko, "kuondoa wasiwasi," na sasa shangazi anapika nyuma yake kama samaki wa pambo, watu wanasifu wali huku macho yao yapo kwenye mikono yake. Wengine humletea wageni kumwonyesha: ndiye huyu wa kitabuni. Mwandishi amehamia makao makuu na nasikia anaandika kingine. Kama humo kitabuni kuna mtu anayeshindwa kula, sitaki kujua nani atakuwa anasema "mimi".

Juzi nilimpelekea dawa yake ya macho saa za kazi. Begani hakuna taulo, liko kwenye droo. Wimbo hakuna. Alikoroga, akainua mwiko juu ya ukingo wa sufuria, mkono ukasimama hewani, kisha akaulaza mwiko mezani taratibu bila sauti.

"Shangazi, mbona hugongi?"

"Yule wa kitabuni ndiye anayegonga," alisema. "Hebu nipishe, wali unaungua."