Shamba Nililotaka Kulificha

Daktari wa Njombe alinieleza polepole, kama anamfundisha mtoto wa darasa la kwanza, na mimi mwalimu mstaafu nikamkasirikia kwa hilo kuliko kwa habari yenyewe. Kansa ilianzia kwenye mlango wa kizazi, sasa imefika kwenye ini. Haitibiki. Nitapewa dawa ya maumivu, nirudi nyumbani. Nikamuuliza kama nitaiona Krismasi. Akasema Krismasi nitaiona. Pasaka nilipoitaja, alianza kupanga karatasi zake.

Binti yangu, mwenye duka la vitenge Lyamkena, alinipokea stendi ya Makambako. Nikamwambia ni vidonda vya tumbo. Msidhani nilimficha kwa kumhurumia. Nilikuwa nalihofia shamba langu.

Kwetu Kitandililo, mvua ya kwanza ikimkuta mtu kitandani, jumuiya yetu ndogo ya kanisa humpandia mahindi. Mwenyekiti wa jumuiya ni mimi, mwaka wa kumi na moja sasa. Asiyefika kupanda, Alhamisi kabla ya rozari nilimtaja kwa jina, asimame ajieleze. Nilikuwa mkali, na nilijisifu kwa ukali huo.

Jirani yangu mmoja, ambaye shamba lake limepakana na langu, hakufika misimu miwili. Mumewe alikuwa na kansa ya koo, naye hakuwa na mtu wa kumwachia. Mara ya pili aliposimama kujieleza, nilimkatiza: “Kaa tu, mama. Wengine wagonjwa wao hawaishi.” Watu wakacheka. Wiki mbili baadaye yule mume akafariki. Nilikwenda msibani, nikaongoza sala, nikala wali, nikarudi kwangu bila kumwomba radhi. Usitukane wakunga na uzazi ungalipo: methali hiyo nimeiandika ubaoni miaka thelathini, na mwandishi mwenyewe haikumwingia.

Kwa hiyo jumuiya wakijua naumwa, watakuja kunipandia, na yeye atakuja nao. Nisingeweza kumtazama akiinama kwenye shamba langu. Nikaamua nipande mwenyewe, kimya kimya.

Mvua ilinyesha Jumapili. Jumanne asubuhi, ukungu haujainuka, nikachukua jembe na mbegu. Sikumaliza mstari wa pili. Tumbo lilinikaba nikaketi kwenye tope, mbegu zikamwagika mapajani.

“Kamwene, Mwalimu.”

Alikuwa yeye, amesimama mpakani na jembe begani.

“Kamwene,” nikaitikia, kama mtu aliyeketi kwa kupenda.

“Unapumzika?”

“Napumzika.”

Akatazama mashimo yangu yaliyokwenda upogo, kisha damu kwenye kitenge changu. “Hata marehemu alikuwa anapumzika hivyo hivyo,” akasema. Akachuchumaa, akaanza kuokota mbegu moja moja. Nikamwambia yote, Njombe na ini na Pasaka.

“Binti anajua?”

“Anajua vidonda vya tumbo.”

“Mwambie leo. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na mimi maneno laini sina.”

Nilimwambia jioni ile ile. Alilia, halafu akanigombeza kwa uongo wangu, na nilistahili.

Jumamosi walikuja jumuiya nzima. Mimi nilikaa kwenye kiti pembeni ya shamba, nimevaa masweta mawili, nawatazama. Wakamaliza kabla ya saa sita. Walipokaa kunywa togwa, nikasimama kwa kushikiliwa na binti yangu. Nikamgeukia jirani yangu, nikasema kwamba siku ile niliyosema wagonjwa wake hawaishi nilimkosea yeye na marehemu, naye anisamehe.

Kwetu mtu akiomba radhi mbele za watu, tena mgonjwa, hujibiwa papo hapo: nimekusamehe. Kisha hupigwa makofi na wimbo ukaanzishwa. Mwanakwaya mmoja alikuwa ameshafungua mdomo. Niliijua desturi hiyo vizuri sana. Ndiyo maana nilichagua siku ile na mahali pale.

Naye alinijua. Akaweka kikombe chini. “Mwalimu, ulinifanya nichekwe mbele za watu. Leo unaniomba mbele za watu hao hao, ili nishindwe kukataa. Nimekusikia. Kusamehe, bado.”

Hakuna aliyeimba. Uso uliniwaka mpaka masikio. Kilichoniuma si kwamba amekataa, ni kwamba amesema kweli. Hata toba nilikuwa nimeipanga kama ukaguzi wa shule.

Nilidhani sitamwona tena. Jumatatu asubuhi, binti yangu alipokwenda dukani, jirani alibisha hodi, akaingia na ndoo ya maji ya moto. Hakuniuliza kitu. Alinivua, akaniosha, akabadilisha shuka, akanipaka mafuta mgongoni palipoanza kuchubuka. Mikono yake inajua kazi hiyo. Ameifanya misimu miwili kwa mwingine, wakati mimi nikimwita mvivu. Tangu siku ile anakuja kila asubuhi, na kila asubuhi naona haya kama ya siku ya kwanza.

Jana tulipokuwa wawili tu, nilimwomba tena, kwa sauti ya chini. Alikuwa akinigeuza ubavu, taratibu nisiumie.

“Bado,” akasema. “Inua mkono.”

Nikainua.