Mshale Uliokataa Kushuka

Usiniulize kama nilikuwa nimekunywa. Nyumbani kwetu Dongobesh sisi ni watu wa msikiti, pombe sijawahi hata kuionja. Wala haikuwa usiku, saa ambazo macho hukosea. Ilikuwa mchana kweupe, jua limejaa juu ya ziwa, na mimi nina bisibisi mkononi. Ninayokusimulia niliyaona mwenyewe.

Ilikuwa miaka ile ya mwisho ya Waingereza. Nilikuwa kijana, fundi wa injini, sijaoa. Baba alikuwa na duka la nguo. Yeye alitoka Kondoa, mama alitoka Singida, na sisi watoto tulikulia nyuma ya duka: leo Mbulu, mwakani Katesh, kisha Dongobesh, popote biashara ilipokwenda. Mtu akiniuliza kwetu ni wapi, nilikuwa nacheka tu.

Sasa, kando ya Ziwa Basotu kulikuwa na mzungu mmoja mkulima wa ngano. Alikuwa na boti ndogo yenye injini ile ya kufungwa nyuma. Alibadilisha propela, na tangu siku hiyo injini ikawa inapiga kelele kama mnyama anayefukuzwa. Akaogopa itajiua kwa kuzunguka kupita kiasi. Akaagiza takometa, saa ya kuonyesha injini inazunguka kwa kasi gani, akaniita nimfungie. Yeye mwenyewe akaenda zake Arusha.

Kazi yenyewe si ngumu. Waya mmoja unaupeleka kwenye betri, wa pili kwenye chuma cha injini, wa tatu kwenye njia ya moto wa plagi. Nyuma ya saa kuna skrubu ndogo ya kugeuza, ilingane na idadi ya silinda. Ukikosea hapo, saa itakudanganya. Ukishamaliza, unaingia ziwani, unafungua mafuta yote, unatazama mshale unasimama wapi. Ukiwa peke yako, mshale unapanda. Ukipakia mtu, injini inalemewa kidogo, mshale nao unashuka. Shika hilo tu, mengine yaache.

Nilianza na mlinzi wa boti, Mzee Gidamis, Mbarbaig mwembamba kama fimbo yake. Pamoja na wembamba wake, mshale ulishuka upana wa kidole. Nikatia alama ya rangi kwenye kioo. Nikamshusha, nikaenda peke yangu. Mshale ukapanda, nikatia alama nyingine. Nilikwenda na kurudi mpaka nikaridhika. Mzee akaniaga, akaenda kutazama ndama wake.

Nilikuwa nafuta mikono niliposikia, "Nivushe."

Mwanamke alikuwa amesimama kwenye matete. Alivaa lile vazi la ngozi la wake wa Kibarbaig, na bangili za shaba mikono yote miwili. Kibarbaig changu kilikuwa cha kuuzia shuka dukani, lakini kilitosha.

"Unakwenda wapi, dada?"

"Kwa mama." Akaonyesha ng'ambo, boma la miiba lenye moshi mwembamba. "Niliolewa huku upande wa Hirbadaw. Siku nyingi sijamwona mama."

Niamini, ndugu yangu, sijawahi kusikia mtu akitamka neno "mama" namna ile. Kama mtu mwenye kiu anayetaja maji. Nikamwambia apande.

Tukaondoka. Nikafungua mafuta yote, nikatazama saa, nikingoja mshale ushuke. Haukushuka. Ulisimama palepale kwenye alama yangu ya peke yangu, haukusogea hata unywele mmoja.

Nikapunguza mwendo. Nikakagua waya mmoja mmoja. Nikapapasa skrubu ya nyuma, ilikuwa pale nilipoiacha. Nikamwomba dada asogee mbele kabisa. Akasogea, na pua ya boti haikuzama hata kidogo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba boti inarukaruka juu ya mawimbi, na zile bangili zake hazigongani. Mikono yote miwili, shaba tupu, na hakuna mlio.

Utaniuliza, kwa nini hukugeuza boti? Nami nakuuliza, ungemgeuzaje? Hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa ameinama mbele, macho kwenye ule moshi, akinisimulia kwa sauti iliyozishinda kelele za injini. Kulikuwa na ng'ombe mweusi aliyemkamua tangu akiwa msichana. Mama yake huweka majivu ya mti fulani kwenye kibuyu cha maziwa, na huko alikoolewa walijaribu miti yote, ladha ile haikupatikana. Nilisahau saa, nikasahau na woga. Nilitaka tu afike. Tena nitakwambia ukweli wote: nilitaka nifike naye.

Ng'ambo, ng'ombe waliokuwa wanakunywa wakainua vichwa wote kwa pamoja. Nikazima injini. Akashuka, na boti haikuinuka.

"Njoo," akaniambia. "Mama atakupa maziwa."

Nilikuwa nimeshatia mguu mmoja majini. Wakati huo mama mmoja mtu mzima akatoka kwenye lango la boma, ameshika kibuyu. Yule dada akamwendea. Hakukimbia. Alitembea kama anayeogopa kumwaga kitu. Akamfikia, akanyoosha mkono, akamgusa bega. Na mama akageuza shingo, kama mtu aliyepatwa na harufu anayoijua, akatazama huku, akatazama kule. Mbele yake hapakuwa na mtu. Palikuwa na mimi tu, mguu mmoja majini.

"Nani amepita hapa?" akauliza.

Nikasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umemleta nani?"

Nikamweleza: vazi, bangili, ng'ombe mweusi. Akakaa chini, palepale kwenye matope. Akaniambia binti yake, Udahera, alifia kwenye uzazi huko Hirbadaw wakati mvua zimefunga njia, na wakamzika kabla mama hajafika. Hakulia. Aliniuliza mambo ambayo mama yeyote angeuliza. Alikuwa amekonda? Alikuwa anasikia baridi? Mwisho akaniuliza, "Alikuwa anacheka?"

"Karibu na hapa, ndiyo. Alikuwa anacheka."

Akanipa kile kibuyu. Nilikunywa nikiwa nimesimama ndani ya maji, na yale maziwa yalikuwa na ladha ya moshi ambayo sitaieleza.

Jioni nilipomsimulia Mzee Gidamis alishika kichwa. Akasema kama ningeyanywa maziwa yale pamoja na Udahera, boti ingepatikana tupu. Labda. Lakini siku zote nilizobaki Basotu nilikaa kwenye matete yale na injini tayari, na ng'ambo nilimwona mama amesimama, mkono juu ya macho. Hakuja mtu. Mzungu aliporudi nikamkabidhi saa yake, inafanya kazi vizuri, nikarudi Dongobesh.

Nimeoa, nimezaa, nina wajukuu. Mke wangu ni mwema. Lakini mpaka leo, mtu akipanda nyuma ya baiskeli yangu, kwanza nasikiliza springi kama zimelia. Zimelia kila mara. Na kila mara, Mungu anisamehe, moyo unashuka.

Basi nakuonya, wewe unayepita maziwa yetu, Basotu au lile la Tlawi. Wazee watakwambia usimvushe mtu usiyemjua. Mimi siwezi kukukataza. Akiomba apelekwe kwao, mpeleke. Ila wewe tazama njia yako, usimtazame uso wakati anapatazama kwao. Mimi nilimtazama, na tangu siku ile natafuta mahali ambapo nami ningepatazama hivyo, sijapaona.