Mwanamke wa Sabuni

Juzi niliona tangazo la sabuni gazetini, nikamkumbuka mwanamke wa tangazo kama hilo aliyekuwa ukutani kwa nyanya yangu, kijijini Myanga. Siku moja utotoni mwangu, Mama alikuwa ameenda mpakani Suam kwa biashara, nami nilimlilia. Alasiri hiyo Kukhu, nilivyomwita nyanya, alibandika kurasa za magazeti ukutani kwa uji uliochacha.

“Kukhu, mbona huyu mama ananiangalia mimi tu?”

“Si ni vile hujaoga, bana!”

Nilikimbilia karai. Niliporudi nikinukia sabuni, yule mama wa pichani alikuwa akitabasamu, nikaamini ameridhika.

Siku hizi najifundisha kuchambua picha, nikiogopa kukosea katika kila sentensi ninayoandika. Najua yule mwanamke aliangalia kamera, ndiyo maana alimwangalia kila mtu. Lakini nyumba ilikuwa na kuta nne, na Kukhu alichagua kumbandika kwenye ule uliotazamana na kitanda changu, siku ile niliyomlilia Mama.