Hadubini na Uso wa Mkewe

Ofisini walimwita Hadubini, na jina hilo likamganda mpaka mtaani. Mimi nilimwita baba mdogo, kwa kuwa marehemu baba yangu ndiye aliyekuwa kaka yake. Kwa miaka thelathini na mmoja alichora wadudu katika kituo cha utafiti wa kilimo, kazi ambayo watu wengi hawajui hata kama ipo. Mtaalamu alimletea mdudu mkavu ndani ya kiberiti, naye akamweka chini ya hadubini, akavuta kiti, na kwa wiki nzima hakuwa na habari na mtu.

Mkononi alikuwa na kalamu ya nibu, chupa ya wino mweusi na wembe. Hakupaka kivuli, alikijenga nukta kwa nukta, maelfu ya nukta, nyingi mahali penye giza na chache penye mwanga. Akikosea, alikwangua wino kwa wembe taratibu mpaka karatasi irudi nyeupe. Mwanga aliutoa juu kushoto siku zote, awe anachora nzi au kiwavi. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza kwa nini wasipige picha tu, yaishe.

"Picha itakuonyesha fukusi mmoja wa mahindi, tena pengine amevunjika mguu," alinijibu. "Mimi nachora fukusi wote."

Mkewe, mama mdogo, alikuwa fundi cherehani wa sare za shule. Hawakujaliwa mtoto. Nyumba yao haikuwa na kelele wala matusi, na labda ndiyo maana hakuna aliyegundua kitu. Mwaka wa kumi na tisa wa ndoa, wakiwa mezani, mama mdogo alimwambia, "Fukusi unamtazama wiki nzima. Mimi ukirudi unaongea nami huku macho yako kwenye sufuria."

Baba mdogo alicheka. Alidhani ni utani, tena utani mzuri, akaenda kuwasimulia wenzake kazini. Jumamosi iliyofuata mama mdogo alipakia cherehani yake kwenye mkokoteni, akachukua nguo na albamu ya arusi, akahamia kwa dada yake, mji wa mbali kidogo. Baba mdogo alisaidia kuinua cherehani. Aliniambia mwenyewe, miaka mingi baadaye, kwamba alichokuwa anawaza wakati ule ni magurudumu ya mkokoteni, yasije yakakwama kwenye mfereji.

Hawakupeana talaka wala hawakurudiana. Miaka ikapita. Kituoni wakanunua mtambo unaopiga picha moja kwa moja kutoka kwenye hadubini, na baba mdogo akaagwa kwa keki na saa ya ukutani. Akabaki katika nyumba ya vyumba viwili, yenye viti viwili mezani. Kimoja alikalia, cha pili alikirundikia karatasi mpaka ikawa huwezi kumkaribisha mgeni bila kwanza kumpa kazi ya kupanga. Redio iliwaka tangu asubuhi. Nilipomuuliza habari gani mpya, hakuweza kunitajia hata moja. Alitaka sauti tu.

Kisha mwalimu mmoja wa sanaa aliona michoro yake kwenye kitabu cha zamani cha wadudu waharibifu. Akamtafuta mpaka akampata, akamwalika chuoni aketi mbele pamoja na wasanii wengine wawili, waeleze walivyoingia kwenye sanaa na kinachowasukuma. Nilimpigia shati pasi, nikaenda naye, nikakaa safu ya pili.

Mchoraji wa rangi za mafuta alisema picha zake humjia ndotoni. Mchongaji akasema gogo lenyewe humwambia linataka kuwa nini. Ikafika zamu ya baba mdogo. Akakohoa.

"Mimi kilichonisukuma kililetwa kwenye kiberiti," alisema, "kikiwa kimeshakufa."

Ukumbi ukavunjika mbavu. Hakuwa amekusudia kuchekesha, lakini nilimwona amefurahi. Akaeleza habari za nukta na wembe, wanafunzi wakaandika. Ndipo binti mmoja aliyeketi nyuma akasimama.

"Shikamoo mzee. Umewahi kumchora mtu?"

"Marahaba. Hapana. Watu wanatikisika."

Wakacheka tena. Binti hakukaa. "Hata mama wa nyumbani kwako?"

Baba mdogo akaanza kuzitazama kucha zake. Mwalimu akaona mambo yanaharibika, akamrukia mchongaji na swali la mbao.

Jumapili iliyofuata nilipokwenda kumsalimu nilikuta meza imejaa. Karatasi kumi na nane au ishirini, kila moja ina mviringo wa uso, na juu ya mviringo kitambaa cha kichwa kimechorwa kwa ustadi, kila mkunjo mahali pake. Chini ya kitambaa, hakuna kitu.

"Kitambaa nimekipata," alisema. "Lile doa lake jeusi, liko shavu gani?"

"La kushoto."

"Kushoto kwake au kushoto kwangu?"

Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba. Nikamwambia nina picha ya mama mdogo kwenye simu, nimuonyeshe. Akakataa kwa mkono.

"Hapo utakuwa umemtazama wewe," alisema. "Mimi najua vipapasio vya fukusi vina pingili ngapi, hata ukiniamsha usingizini. Huyu nimekaa naye miaka kumi na tisa."

Akaanza kukusanya karatasi, akizipanga kingo kwa kingo, kama za ofisini.

Wiki mbili baadaye tulipanda basi, mwendo wa saa tatu. Alibeba chupa ya wino imefungwa kwenye soksi. Njiani aliniuliza kama ana mabaki ya wino kwenye kucha.

Dada yake mama mdogo ndiye aliyefungua mlango. "Heee! Shemeji! Leo umepotea njia?"

Mama mdogo alikuwa dirishani, kwenye cherehani ile ile. Hakushtuka, au kama alishtuka alificha vizuri. Tukasalimiana, tukapewa chai. Baba mdogo aliishika bila kunywa.

"Nimekuja kukuomba kitu," alisema.

"Kama ni kurudi, chai isikupoe bure."

"Si kurudi. Nimekuja kukuomba nikutazame."

Shemeji yake alicheka mpaka ikabidi atoke akamalizie jikoni. Mama mdogo hakucheka. Alimwangalia, akaangalia karatasi zilizochomoza kwenye mkoba wake, akaelewa.

"Umechelewa, lakini haya," alisema. "Mimi siwezi kukaa bure. Nitakuwa napiga pindo."

Baba mdogo alisogeza kiti chake mara tatu mpaka mwanga ukawa anavyoutaka. Akaanza. Kwa saa nne sikusikia ila nibu ikigusa karatasi na uzi ukipita kwenye kitambaa cha sketi. Nimewahi kumwona akitazama wadudu, lakini sikuwahi kumwona akitazama hivi, kama mtu anayesoma barua ambayo imekaa miaka mingi bila kufunguliwa.

Katikati ya kazi akasimamisha kalamu. "Hili kovu la kidevuni ni la lini?"

"Mwaka wa tatu wa ndoa. Niliteleza bafuni. Wewe ndiye uliyenipeleka zahanati."

"Mimi?"

"Ulinisubiri nje. Ulikuwa na kiberiti mfukoni, ukawa unakichungulia."

Hakuwa anamsuta. Alisema kama anavyosema mtu leo ni Jumanne. Baba mdogo akainama, akaliweka kovu. Nukta saba. Nilizihesabu, kwa sababu sikujua nitazame wapi pengine.

Jioni akamkabidhi karatasi. Uso ulikuwa umekamilika: doa, kovu, mikunjo ya machoni, mdomo wa mtu aliyeshikilia pini. Mikono ilikuwa mistari tu. Mama mdogo aliisogeza karibu na dirisha.

"Nimezeeka."

"Naweza kukwangua hapa na hapa," alisema baba mdogo, tayari ameushika wembe.

"Acha. Ndivyo nilivyo."

"Mikono bado. Nukta zinachukua siku nyingi. Jumamosi naweza kuja kuimalizia. Na Jumamosi nyingine."

Mama mdogo aliiweka picha juu ya cherehani, akaikandamiza kwa kiganja isipeperuke. Sauti yake ilikuwa ya upole kuliko nilivyotarajia.

"Hapana, mume wangu. Nimefurahi, usidhani sikufurahi. Ila nimeshazoea kuishi bila kutazamwa. Ukinizoesha sasa, nitafanya nini wiki ambayo hutakuja? Niachie hii, inatosha."

Akamwachia. Kwenye basi alishika mkoba wake mapajani, na nilipomshika bega aliniambia, "Doa ni la kushoto kwake," basi.

Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Mama mdogo yupo, anashona. Picha ameitundika chumbani, si sebuleni, na wageni hawaioni. Baba mdogo hajaenda tena, wala hajachora nyingine kwa kumbukumbu ingawa nadhani sasa angeweza. Mwalimu wa sanaa alipomwomba picha ya mtu kwa ajili ya maonyesho alimjibu hana, akampa nzi.

Siku hizi anachora mkono wake wa kushoto. Anauweka mezani, anauelekeza kwenye mwanga, anaanza nukta. Jumapili iliyopita nilimkuta amefika kidole cha tatu. Niliondoa karatasi kwenye kile kiti cha pili, nikakaa. Hakuinua kichwa, lakini aliniuliza kama nimekula.