Gunia Lenye Jina Langu

Mimi huwafundisha wafugaji wa kuku kule Abuku kwamba pumba zikipata unyevu huota kuvu, na sumu ya kuvu haitoki hata ukizianika upya. Juzi vifaranga wa Mama Zubeda walikufa karibu wote. Nikamweleza kwa upole, mbele ya majirani, kwamba stoo yake ndiyo iliyowaua.

Akanifungulia mlango. Magunia yalikuwa makavu, juu ya mbao, mbali na ukuta, kama nilivyofundisha.

"Mwalimu, wao nakula hii moja tu," alisema, akigeuza gunia lenye jina langu. "Ile wewe nalete zawadi ya Idi. Stoo yako ya Arua iko namna gani?"

Majirani walikuwa wakingoja somo.

"Inavuja," nilijibu.