Mbao za Mama Mjapani na Kuni za Blacktown

Mimi niliishia darasa la nne, na sioni haya kulisema, kwa sababu hapa St Marys, huku ugenini, hakuna fundi wa mbao anayenifikia. Useremala nilijifunza kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, nikitengeneza vitanda kwa msumeno wa mkono uliobaki nusu ya meno. Leo nina karakana yangu, mashine saba, na wateja wananifuata mpaka kutoka Penrith. Wako mafundi wenye vyeti vilivyojaa ukutani, lakini milango yao ikishafungwa inagoma kufunguka. Yangu haigomi.

Ndiyo maana yule mama Mjapani alikuja kwangu.

Alikuwa na miaka sabini hivi, mfupi, kofia ya jua kichwani, na alishuka kwenye gari amebeba mbao nne zilizofungwa kwa taulo kama mtu anayebeba mayai. Alipozifungua mezani kwangu niliinama nikazipapasa moja moja. Zilikuwa za mti wa cheri, ngumu, laini kama sabuni, na juu yake alikuwa amechonga picha kwa visu. Ua wa nyuma ya nyumba, zile kamba za kuanikia nguo zinazozunguka juu ya nguzo moja, upepo umezivamia nguo, na shati moja kubwa limepanda juu, mikono imetanuka. Vyote vimegeuzwa, kulia kumekuwa kushoto, kama kwenye kioo.

Akanieleza kazi yake, kuchapa picha kwa mbao hizo. Karatasi moja inapita juu ya mbao zote nne. Ubao wa kwanza unapiga mistari myeusi, wa pili buluu, wa tatu manjano, wa nne nyekundu, na hiyo nyekundu ni ya lile shati. Hakuna mashine. Anapaka rangi kwa brashi, anatandika karatasi iliyoloweshwa kidogo, anaisugua mgongoni kwa kisahani kilichofungwa ganda la mwanzi. Miaka miwili alikuwa kwenye gereji ya nyumbani kwake Penrith anachonga hizo mbao nne. Kisha akanionyesha kifundo cha mkono wake wa kulia, kimefungwa bandeji. Daktari alikuwa amemkataza.

"Hii ndiyo ya mwisho, bosi," akasema. "Ndogo ndogo nitachonga. Kubwa kama hii, basi."

Alichotaka kwangu kilikuwa kidogo. Mbao zilianza kujipinda, kwa hiyo nimfungie vipande vya kuzishika kwenye zile ncha fupi mbili za kila ubao.

"Mama, umefika kwa mwenyewe," nikamwambia.

Nikaifanya Ijumaa. Nilichimba mifereji, nikapachika, ukipitisha kucha kwenye kiungo huhisi kitu. Halafu, kwa kuwa mimi sitoi kazi nusu, nikazikagua mbao zenyewe, nikaona kasoro. Kila ubao, kwenye ukingo mrefu wa chini, ulikuwa na vishimo viwili. Kimoja kwenye kona, chenye umbo la pembe, kama mtu ameanza kuchonga dirisha akaacha. Kingine kiko mbali kidogo, mstari mfupi tu. Nikasema maskini, kisu kilimteleza, si mkono wenyewe mgonjwa? Nikaziweka kwenye msumeno wa meza, nikaukata ukingo wote, sentimita tatu kila ubao. Zawadi. Zikanyooka kama rula.

Jumamosi asubuhi akaja. Nilikuwa nimezipanga mezani, nimesimama pembeni nangoja sifa zangu. Akapapasa vile vipande vya nchani, akaitikia kwa kichwa, akatabasamu. Kisha mkono wake ukashuka kwenye ukingo wa chini. Ukaenda kulia, ukaenda kushoto, ukarudi tena kulia.

"Bosi," akasema taratibu, "pembe yangu iko wapi?"

"Ile iliyoharibika? Nimekuondolea."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alivuta kiti akakaa, akaomba karatasi, akanionyesha kwa vidole. Kona ya karatasi inaingia kwenye kile kishimo cha pembe, ukingo wake unaegemea kile cha pili. Ndivyo karatasi inavyolala mahali palepale kwenye kila ubao. Bila vishimo hivyo, nyekundu haijui shati liko wapi.

Tangu nishike randa sijawahi kuharibu kazi ya mtu. Siku hiyo niliona nimeharibu miaka miwili ya mama wa watu kwa dakika nne, na mkono wa kuchonga nyingine hana.

Lakini mimi kukaa na kushika tama siwezi. Kichwa kilishaanza kukimbia. Kilichokatwa kimekatwa tu, hakijayeyuka! Na msumeno wangu naujua kuliko ninavyojijua: kila ukipita unakula milimita tatu nukta mbili. Nikitengeneza ukanda wa unene huohuo, nikauweka katikati, nikakirudisha kila kipande kwake kwa gundi, vishimo vinarudi vilipokuwa.

Nilimwambia yote hayo kwa pumzi moja. Akainua uso. "Vipande viko wapi?"

Nikageukia kona ya makapi. Tupu. Kila Ijumaa makapi yangu ya mbao ngumu anayachukua mama wa kwaya wa kanisa letu, Mrundi mwenzangu. Na Jumamosi hiyo walikuwa wanachoma nyama Blacktown, nyuma ya kanisa.

Nikapiga simu. Haipokelewi. Nikapiga tena, hola.

"Panda gari, mama."

Niliendesha kwa mwendo wa sheria, maana kamera za huku hazina huruma, lakini moyo ulishatangulia. Yeye alikaa mikono mapajani. Tulipokaribia akauliza, "Cheri inanukia vizuri kwenye nyama?"

"Sana," nikasema, halafu nikatamani kuumeza ulimi.

Moshi tuliuona tangu barabarani. Mama wa kwaya alikuwa kwenye pipa la kuchomea, aproni kiunoni, koleo mkononi.

"Karibu papa! Kwa kula ndiyo huchelewi!"

"Kuni zangu ziko wapi?"

"Zako? Si ulinipa?" Akawageukia wenzake. "Jamani njooni muone! Yule asiyekosea kitu amekuja kuokota makapi!"

Wakacheka mpaka wengine wakashika magoti.

"Dada, utacheka baadaye. Vile vyembamba, virefu, vyekundu-vyekundu?"

"Si ndivyo nimewashia? Vinashika moto vizuri hivyo!"

Mama Mjapani alikuwa ameshapiga magoti kwenye mfuko wa kuni. Akatoa kimoja. Nikatoa cha pili. Cha tatu nilikiona ukingoni mwa pipa, nikakichomoa kwa mkono mtupu, ncha moja imeungua lakini pembe nzima, na mimi nikapiga kelele kama mtu aliyefunga goli. Cha nne kilikuwa kaa la moto.

Nilipomweleza mama wa kwaya kuni zile ni nini, aliacha kucheka, akaepua nyama yote, akapekua majivu kwa koleo. Hakukuwa na kitu. "Pole, mama yangu," akamwambia mgeni kwa Kiingereza chake, akampa sahani iliyojaa. Mama Mjapani akatafuna kipande, akafikiri.

"Ni kweli," akasema. "Inanukia vizuri."

Vitabu vinanichosha, lakini mbao nazisoma. Kila mti una mistari yake, na mstari uliokatwa unaendelea upande wa pili, kwa hiyo nilijua kila kipande ni cha ubao gani na kinakaa wapi hasa. Jioni ile vitatu vilikuwa vimebanwa kwenye gundi. Uliobaki bila pembe ulikuwa ule wa nyekundu. Cheri sikuwa nayo, basi nikaubandika ukingo wa mkalitusi, mti wa hukuhuku.

Jumatatu akaja na rangi zake na karatasi. Akapiga mistari myeusi kwenye karatasi moja, akapiga nyekundu kwenye nyingine isiyo na alama yoyote, tukazibandika pamoja kwenye kioo cha dirisha, mwanga ukapita. Akawa anaisogeza ya nyekundu mpaka shati likaingia ndani ya mstari wake.

"Macho yako ni machanga. Niambie."

"Kulia. Kidogo. Unywele. Hapohapo!"

Kwa hiyo kona ya ile karatasi ya mistari ikajulikana inapoangukia. Akaipima mpaka kwenye ubao, akaichora kwa penseli, na ule mstari mfupi wa pili pia. Akashika kisu, akagusa mkalitusi, akakunja uso, akakiweka chini. Mti ule ni jiwe. Akanisogezea ubao.

"Mstari wa penseli una unene," nikamwambia. "Nikate ndani au nje?"

Kwa mara ya kwanza akaniangalia kama fundi anavyomwangalia fundi. "Katikati."

Nilinoa patasi mpaka ikanyoa vinyweleo vya mkono. Nikakata katikati ya mstari wa penseli. Nionyeshe mwingine St Marys anayeweza!

Akapiga nyeusi, akapiga buluu, akapiga manjano. Zimekaa. Kisha akapaka nyekundu, akaingiza kona ya karatasi kwenye pembe yangu, akaisugua kwa kile kisahani. Akainua karatasi.

Shati lilikuwa jekundu lote, mpaka kwenye kifungo cha mkono, limekaa ndani ya mistari yake kama limevaliwa, na hakuna hata tone lililovuka. Nikaruka! Yeye akapiga kelele kwa Kijapani, sijui alisema nini, akanipiga begani kwa mkono uleule mgonjwa, akasema "ai!", akaushika huku anacheka na machozi yanamtoka.

Siku hiyo alichapa picha nane. Alipomaliza akaugeuza ule ubao wa nyekundu, akaandika jina lake nyuma, akanipa penseli.

"Na wewe, bosi. Pembe ni yako."

Lake alikuwa ameliandika kwa herufi ndogo, chini kabisa. Langu niliandika kubwa, mtu alisome akiwa mlangoni.